Kwa nini risasi inakosa: usahihi wa masasi na hatari yake kwa mkaaji wa Rubaya

Mapigano yakianza kwenye vilima vya Masisi, risasi haiwapigi wale tu waliolengwa. Inaweza kumkuta mama akiwa shambani, krezeri akitoka shimoni, mtoto akiwa amelala nyuma ya ukuta wa mbao. Mwezi wa pili 2025, mfanyakazi wa shirika la MSF alipigwa risasi akiwa ndani ya kituo cha shirika hilo pale Masisi-centre wakati wa mapigano, na akafa. Kila mmoja kati ya hao hakuwa na bunduki mkononi.

Watu wanaita hiyo "risasi ya kupotea". Wengine wanasema ni bahati mbaya, basi. Bahati ipo, lakini kuna sababu ambazo zinaweza kuelezwa na kupimwa. Risasi inaenda sawa pale tu kila kitu ndani yake kinafanana na kile cha risasi iliyotangulia, na mpigaji ametulia. Katika vita vya mashariki mwa Kongo, masharti hayo mawili yanakosekana karibu kila mara. Makala hii inaeleza jinsi usahihi wa risasi unavyopatikana, jinsi unavyopotea, na mkaaji afanye nini kutokana na hayo.

Risasi moja, sehemu nne

Kile ambacho watu wanaita risasi ni vitu vinne vilivyoungana. Cha kwanza ni ganda, lile kopo dogo la shaba ya manjano au la chuma linaloanguka chini baada ya kupiga. Cha pili ni fataki, kitufe kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda. Kikigongwa na sindano ya bunduki kinatoa cheche. Cha tatu ni baruti iliyo ndani ya ganda. Cha nne ni kichwa, kile kipande kinachotoka na kwenda mbali.

Fataki inawasha baruti. Baruti haifanyi moto tu, inageuka kuwa gesi kwa kasi sana, na gesi hiyo inasukuma kichwa ndani ya mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka sawa vile nyuzi za skrubu. Mifereji hiyo inazungusha kichwa ili kiende bila kuyumba, jinsi pia inzi la watoto linavyosimama likiwa linazunguka na kuanguka likipunguza mwendo.

Risasi ya AK-47 ya kawaida, ambayo mafundi wanaiita 7.62 kwa 39, ina kichwa cha karibu gramu 8 na baruti ya karibu gramu 1.6. Kichwa kinatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu meta 715 kwa sekunde. Baruti ikizidi kidogo au ikipungua kidogo, mwendo huo unabadilika. Mwendo ukibadilika, fasi ambapo risasi itafika nayo inabadilika.

Siri ya usahihi ni kufanana

Wanaojua jambo hili kuliko wote si wanajeshi. Ni wapigaji wa shabaha wa michezo na wawindaji wa Marekani, Ulaya na Australia, ambao sheria ya nchi zao inawaruhusu kujaza masasi yao wenyewe kwa mkono. Desturi hiyo ni ya zamani. Tangu maganda ya shaba yaenee katika nusu ya pili ya karne ya 19, mwindaji aliyeishi mbali na duka alikuwa anaokota maganda yake na kuyajaza tena ili kupunguza gharama. Kisha watu wakaona jambo lingine: risasi iliyojazwa kwa uangalifu nyumbani inaweza kulenga vizuri kuliko ile ya kiwandani, kwa sababu kiwanda kinatengeneza mamilioni na hakiwezi kushughulikia kila moja peke yake.

Wanachokifanya hakina uchawi. Wanachagua maganda ya kiwanda kimoja na ya toleo moja, na wengine wanayapima uzito na kutenga yale yanayotofautiana. Wanahakikisha maganda yote yana urefu mmoja. Baruti wanaipima kwa mizani ndogo sana, sawa vile mnunuzi wa dhahabu anavyopima, kwa sababu hata chembe chache zinahesabika. Kichwa wanakiingiza kwa kina kilekile katika kila ganda, na wanaangalia kisimame wima, kwa sababu kichwa kilichopinda kidogo kinaingia mtutuni vibaya na kutoka kikiyumba.

Kisha wanajaribu. Wanapiga masasi machache kwenye karatasi, wanaangalia yamekusanyika namna gani, wanabadilisha jambo moja tu, wanapiga tena. Kila kitu kinaandikwa kwenye daftari. Wana kifaa cha kupima mwendo wa kila risasi. Kwa wale hodari, tofauti kati ya risasi moja na nyingine ni meta chache tu kwa sekunde. Katika mashindano ya kupiga bunduki ikiwa imekaa juu ya meza, masasi 5 kwa umbali wa meta 100 yanaweza kuingia kwenye tundu moja lisilofikia upana wa ukucha wa kidole gumba.

Mkaaji wa Rubaya anaweza kuelewa jambo hili kwa njia ya coltan. Mfuko uliojazwa madini ya shimo moja una kiwango kimoja cha tantalum, na mnunuzi anajua anachokipata. Mfuko uliochanganywa mchanga wa Bibatama, wa Luwowo na wa fasi nyingine hauna kiwango kinachoeleweka. Ukipima juu unapata hivi, ukipima chini unapata vile. Masasi ni hivyohivyo. Sanduku la masasi ya aina moja yaliyotunzwa vizuri lina tabia moja. Gunia la masasi yaliyookotwa huku na huku halina tabia.

Safari ya risasi mpaka Masisi

Sasa inafaa kuangalia risasi inayopigwa katika vilima hivi imepitia wapi. Mara nyingi haikufika ndani ya sanduku lake. Imetoka katika ghala la jeshi, ikatekwa vitani, ikauzwa, ikahamishwa kutoka kundi moja kwenda lingine. Katika safari hiyo masasi ya viwanda mbalimbali na ya miaka mbalimbali yanachanganyika ndani ya magazini moja. Risasi ya mwaka wa 1975 inaweza kulala karibu na ile iliyotengenezwa juzi. Bunduki itayapiga yote, lakini kila moja itakuwa na mwendo wake.

Halafu kuna hali ya hewa. Baruti ya kisasa inatengenezwa kwa kemikali ambazo zinaharibika polepole, na joto pamoja na unyevu vinaharakisha jambo hilo. Masisi ni nchi ya mvua na ukungu. Risasi iliyozikwa ardhini, iliyofichwa chini ya paa la nyasi au iliyobebwa miezi mingi mfukoni inaingia maji. Ganda la chuma linashika kutu. Fataki inaweza kuchelewa: mpigaji anavuta, inalia tu "ka", na baada ya kitambo kidogo ndipo risasi inatoka, wakati yeye tayari amesogeza bunduki. Risasi hiyo itaenda fasi ambayo mtu hakuichagua.

Bunduki nayo ina maisha yake. Mtutu uliopiga maelfu ya masasi bila kusafishwa unaliwa ndani, mifereji inachakaa, na kichwa hakizungushwi tena jinsi inavyotakiwa.

Hesabu ya kukosa

Bunduki ya AK ilikubaliwa rasmi na jeshi la Soviet mwaka wa 1949. Haikutengenezwa kwa shabaha ya kunyoosha sana. Ilitengenezwa ili isigome kwenye matope. Kipimo chake cha zamani cha kijeshi kilikuwa hiki: bunduki ikiwa nzima, mpigaji akiwa ametulia, masasi ya umbali wa meta 100 yaingie ndani ya duara la sentimeta 15.

Hesabu inaendelea yenyewe. Kwa meta 300, duara hilo linakuwa sentimeta 45, karibu upana wa mabega ya mtu. Kwa meta 600 linakuwa sentimeta 90. Na hapo tunazungumzia hali nzuri kabisa.

Hali ya vita si hiyo. Mtu anakimbia, anaogopa, anapumua kwa nguvu, wengine hawajafundishwa hata wiki moja. Mkono ukikosea kwa digrii 1 tu, risasi inakosa kwa karibu meta 1.75 kwenye umbali wa meta 100, na kwa zaidi ya meta 17 kwenye umbali wa kilometa 1. Hiyo ni nyumba ya jirani, au ya pili baada ya jirani. Akipiga kwa mfululizo, mtutu unapanda juu baada ya risasi ya kwanza, na zinazofuata zinaruka juu ya kilima. Ng'ambo ya kilima kuna bonde, na katika Masisi, bondeni ndimo watu wanamojenga.

Risasi inafika wapi?

Wengi wanaamini risasi ya AK inaishia meta 300 au 400, kwa sababu ndivyo askari wanavyosema. Huo ni umbali ambao mtu anaweza kulenga na kupata. Haina maana kwamba risasi inaishia hapo. Ikipigwa kwa mwinuko inaweza kuanguka mpaka kilometa 2 na zaidi, na sehemu kubwa ya safari hiyo bado ina nguvu ya kuua. Masasi ya bunduki kubwa zinazowekwa juu ya magari, zile za milimeta 12.7, yanakwenda kilometa kadhaa. Kwa hiyo kusema "wanapigana kule mbali, hapa hakuna shida" ni kosa ambalo limeshagharimu watu.

Na risasi inayopigwa hewani kwa furaha au kwa kutisha? Mwaka wa 1920, afisa wa jeshi la Marekani aitwaye Julian Hatcher alipima jambo hilo pale Florida. Aliona kwamba risasi iliyopigwa juu wima inarudi kwa mwendo wa karibu meta 90 kwa sekunde. Ni polepole ukilinganisha na inapotoka, lakini inatosha kuingia kichwani, zaidi kwa mtoto. Na mara chache mtu anapiga wima kabisa. Anapiga kwa mlalo, na hapo risasi inabaki na nguvu nyingi zaidi.

Sikio pia linadanganya. Sauti inaenda karibu meta 340 kwa sekunde, risasi ya AK inatoka kwa zaidi ya mara mbili ya mwendo huo. Ikipita karibu, mtu anasikia kwanza mlio mkali wa "taa!" wa risasi yenyewe, kisha ndipo unafika mlio mzito wa bunduki kutoka ilikopigwa. Mwenye kusikia ule wa kwanza anafikiri adui yuko pembeni yake, anakimbilia upande mwingine, kumbe anaenda mbele ya bunduki. Kwenye mabonde, mwangwi wa vilima unaongeza mchanganyiko. Ndiyo maana kulala chini kwanza ni bora kuliko kukimbia bila kujua upande.

Ukuta gani unazuia?

Nyumba nyingi za Rubaya ni za mbao na mabati, na katika kambi za waliokimbia vita ni shitingi juu ya miti. Ukweli ni mchungu: mbao haizuii risasi ya bunduki ya vita. Bati halizuii. Mlango haufai, godoro halifai, ukuta mwembamba wa udongo pia hauaminiki. Vinamficha mtu asionekane, lakini havimkingi.

Kinachozuia ni udongo mwingi ulioshikana, mawe, na ardhi yenyewe. Ukingo wa barabara iliyochimbwa kwenye kilima, mtaro, ukuta wa mawe ya volkano, rundo la mifuko iliyojaa mchanga: hivyo vina maana. Mkaaji asiye na hivyo anaweza kufanya mambo haya:

- Kulala chini kabisa, tumbo ardhini, na kuwalaza watoto. Masasi mengi ya kupotea yanapita juu ya kimo cha goti.
- Kukaa mbali na dirisha na mlango, na kutafuta upande wa nyumba uliochimbwa ndani ya kilima kama upo.
- Kuweka mawe au mifuko ya udongo kuzunguka kitanda cha watoto, tangu chini mpaka juu kidogo ya godoro, kabla ya siku mbaya kufika.
- Kutotoka kuangalia. Kimya cha dakika tano hakina maana kwamba imeisha.
- Kutoingia ndani ya shimo la coltan ili kujificha, zaidi wakati wa mvua. Udongo wa mashimo hayo unaanguka, na huo umeshaua wengi kuliko watu wanavyotaka kukumbuka.

Mtu akipigwa, kidonda kinachotoa damu kinakandamizwa kwa nguvu na kitambaa safi bila kuachia, na anapelekwa hospitali haraka. Kichwa cha risasi kilichobaki mwilini hakitolewi nyumbani. Kukitafuta kwa wembe au kisu ndiko kunakoongeza damu na uchafu.

Ganda linasema nini

Baada ya mapigano, maganda yanabaki yametawanyika. Kila ganda lina alama kwenye kitako. Kwa kawaida kuna namba au herufi za kiwanda na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Namba 539 ni kiwanda cha Tula nchini Urusi, 17 ni Barnaul, 60 ni Bishkek nchini Kirgizstani. Herufi KOFC ni kiwanda cha serikali ya Kenya kilichoko Eldoret. Uganda ina kiwanda chake Nakasongola, na Tanzania ina Shirika la Mzinga kule Morogoro.

Alama hiyo inafanya kazi sawa vile tiketi iliyokuwa inafungwa kwenye mfuko wa coltan: inaonyesha chanzo. Lakini haisemi nani aliuza, nani alinunua, wala nani alipiga. Risasi iliyotengenezwa nchi fulani inaweza kupita mikono kumi kabla ya kufika Masisi. Kumlaumu jirani kwa sababu ya herufi kwenye ganda ni kukosea. Mwenye kutafuta ukweli anahitaji pia namba ya toleo, ambayo mara nyingi iko kwenye sanduku na si kwenye ganda.

Hata hivyo, alama hizo zinaweza kuleta majibu. Mwaka wa 2008, taasisi ya utafiti Small Arms Survey ilichapisha kazi yake juu ya Turkana Kaskazini, nchini Kenya, ambako wafugaji walikuwa wanauana kwa sababu ya ng'ombe. Kwa kusoma maganda, watafiti waligundua kwamba karibu nusu ya masasi yaliyokuwa yanazunguka kule kinyume cha sheria yalikuwa ya Eldoret, na kwamba yalitoka kwa polisi. Bila ganda, hilo lingebaki maneno ya kijiweni.

Kwa Kongo, kazi hiyo inafanywa na kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lililoundwa kwa azimio 1533 la mwaka wa 2004, kuangalia vikwazo vya silaha vilivyowekwa na azimio 1493 la mwaka wa 2003. Tangu M23 ichukue Rubaya tarehe 30 Aprili 2024, ripoti za wataalamu hao zimezungumzia mara nyingi mji huu, zaidi kwa sababu ya coltan yake. Madini yanayotoka na masasi yanayoingia yanaandikwa katika ripoti moja.

Kuna pia mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo na masasi yake, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kazi mwaka wa 2017. Na mwezi wa 12 wa 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha mpango wa kimataifa juu ya kutunza masasi tangu kiwandani mpaka mwisho wake. Kabla ya hapo, chombo cha kimataifa cha 2005 cha kufuatilia silaha kilihusu bunduki, kikaacha masasi pembeni. Bunduki bila risasi ni fimbo tu, lakini ilichukua miaka mingi dunia kulizungumza wazi.

Kujaza maganda tena: sheria na hatari

Je, maganda hayo yanaweza kujazwa tena kama Marekani? Kwa masasi ya AK, jibu ni gumu kwa mafundi wenyewe: maganda mengi ni ya chuma, na fataki yake ni ya aina ambayo haikutengenezwa ili itolewe na kuwekwa nyingine. Kwa hiyo anayesema maganda matupu "yanarudi kazini" anadanganya wanaoyaokota.

Upande wa misitu ya Walikale jambo ni tofauti kidogo. Wawindaji wanatumia bunduki za kalibre 12, na katika misitu ya Afrika ya Kati katriji za kiwanda cha MACC cha Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, zinajulikana sana. Katriji ikiwa ghali au ikikosekana, mtu anaweza kujaribiwa kujaza ya zamani. Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Kila kipimo cha baruti kina aina yake ya baruti. Ile iliyotolewa kwenye risasi ya vita si ya katriji ya uwindaji. Gesi ikizidi nguvu ya chuma, mtutu unapasuka usoni mwa mpigaji, na bunduki za kienyeji zilizotengenezwa kwa bomba la maji ndizo zinapasuka kwanza. Wale wa nchi nyingine wanaofanya kazi hiyo vizuri wana mizani, vitabu vya vipimo, baruti inayojulikana na bunduki iliyopimwa kiwandani. Asiye na hivyo anacheza na vidole na macho yake.

Sheria ya Kongo nayo iko wazi. Amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inasimamia silaha na masasi: kutengeneza, kuuza au kumiliki bila ruhusa ni kosa. Hata risasi moja iliyosahauliwa kabatini inaweza kumletea mtu matatizo, na katika eneo la vita matatizo hayo hayaishii mahakamani. Kwenye kizuizi cha barabara, ganda moja ndani ya mfuko wa mtoto linatosha familia nzima kushukiwa.

Ukiona, usiguse

Watoto wa Masisi wanajua maganda kuliko wanavyojua vitabu. Wanatengeneza filimbi, wanahesabia, wanauza kwa wanaonunua vyuma. Shida ni kwamba jicho la mtoto halitofautishi ganda tupu na risasi nzima iliyokataa kutoka. Risasi nzima ikipigwa jiwe au ikitupwa motoni inapasuka. Ikiwa nje ya mtutu, kichwa hakiendi mbali, lakini vipande vya ganda vinaruka na kutoboa macho. Masasi makubwa ya bunduki za magari ni mabaya zaidi, kwa sababu baadhi yana ndani kemikali ya kuwaka au ya kulipuka. Na kando ya masasi kuna gurunedi, mabomu ya mota na roketi ambavyo havikulipuka. Hivyo haviguswi kabisa, hata kwa fimbo.

Kinachofaa ni kusimama, kurudi kwa njia uliyojia, kuweka alama ya mbali kama matawi au mawe yaliyopangwa ili wengine wasipite, na kumjulisha chifu wa kijiji, mwalimu au wajitolea wa Msalaba Mwekundu ili wafikishe habari kwa watu waliofundishwa kutegua. Picha isipigwe mbele ya watu wenye silaha.

Wazazi wengi wanawaambia watoto "usiguse" bila kueleza. Mtoto anaelewa zaidi akionyeshwa sababu: risasi iliyokataa haijafa, fataki yake inangoja kugongwa, na haichagui itagongwa na sindano ya bunduki au na jiwe la mtoto.